Sanda Isiyokaa Sandukuni

Rumonge ya zamani za Mdachi, kando ya Ziwa Tanganyika, mwanamke wa kiungwana alijulikana kwa masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la nguo za kuvaa, na kila jirani alijua lina nini, maana sikukuu haifichi kitu. La pili lilikuwa dogo, lilikaa chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na sanda yake mwenyewe: marekani nyeupe isiyovaliwa na mtu, imekatwa vipande vitano kwa kipimo cha mwili wake, imefukizwa udi, imefungwa kwa uzi. Kuweka sanda ungali hai hakukuwa kujitakia kifo. Ilikuwa heshima tu, na mtu aliyekuwa nayo alitembea barabarani bila haraka.

Mwamini binti Hadji alikuwa na sanda nzuri kuliko zote, na aliyekuwa akisema hivyo ni yeye mwenyewe. Aliifuata Ujiji kwa mtumbwi, akasimama dukani mpaka jora likafunguliwa mbele ya macho yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu wa kuinama mlangoni, kwa hiyo sanda yake ilikula kitambaa kingi, na hilo nalo hakuacha kulisema. Kila mwaka masika yakiisha aliitoa, akaianika kivulini, akaifukiza, akairudisha na kufunga kwa ufunguo, na ufunguo ukaning'inia shingoni. Mwamini alikuwa mtu wa kufunga. Alifunga unga, alifunga chumvi, wakati wa mvua alifunga hata kuku. Tusimwite mchoyo, tuseme mkono wake ulikuwa na adabu, hautoki nje bila ruhusa.

Na mtu wa namna hiyo Mungu akampa mke mwenza aitwaye Zuwena.

Zuwena ndiye aliyekuwa mke mkubwa wa Feruzi, mchonga mitumbwi aliyetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Ubwari. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye kicheko cha chini chini kilichoanza kabla hujamaliza kusema. Kazi yake, mbali na kukamua mawese kama wanawake wote wa pwani ile, ilikuwa kuosha maiti wa kike. Ukisikia kilio Rumonge, ukitazama njiani utamwona Zuwena tayari anakwenda, kata ya maji mkononi na majani ya mkunazi kwenye upindo wa kanga. Hakungoja kuitwa, na hakuwahi kuuliza marehemu ni wa nyumba gani.

Sanduku dogo alikuwa nalo. Ila mara nyingi lilikuwa tupu.

Mara ya kwanza Mwamini kulishuhudia jambo hilo alikuwa bibi arusi mpya, hina haijamtoka miguuni. Msafara wa pembe ulipita, mke wa mpagazi mmoja akafia pale kwenye gati ya mitumbwi, na wenzake wakataka kumfukia na mkeka wakawahi safari. Zuwena aliinama chini ya kitanda, akavuta sanduku, akatoka na vipande vyake vitano kifuani.

"Yaya," Mwamini akamuuliza, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, "hiyo si yako?"

"Ni yangu."

"Na wewe je?"

"Mimi leo iko muzima," Zuwena akasema, akaenda zake.

Baada ya hapo alianza upya. Alichemsha mawese, akauza kibuyu kwa kibuyu, akanunua kitambaa kidogo kidogo mpaka sanda ikatimia, akaifukiza na kuifunga. Haikukaa. Akafa kizee mmoja aliyezaliwa utumwani, na nyumba aliyoitumikia maisha yake yote ikasema mkeka unamtosha. Zuwena akainama tena chini ya kitanda. Watu wa mjini walimwonya. Walisema sanda iliyokatwa kwa kipimo chako akivaa mwingine itakutafuta. Zuwena alijibu ije tu, kipimo chake inakijua.

Mwamini hakucheka. Yeye vitu vya kutoka nyumbani visirudi vilimuuma tumboni, hata kama si vyake. Mpaka siku moja, wanamenya maharage ukumbini, Zuwena akamwambia habari ambayo hakuwahi kumwambia mtu, na hakuirudia tena.

Aliletwa pwani ile akiwa mtoto, kutoka Manyema, katika msafara wa watu waliofungwa. Mama yake alianguka njiani. Msafara haukusimama. Mtoto akavutwa mkono, naye anageuka nyuma, anageuka nyuma. Sura ya mama yake ilimpotea zamani, lakini kitu kimoja hakikumpotea: mama yule alikuwa amelala katikati ya njia, jua linawaka, na mwilini mwake hamna kitu.

"Hata jani, mudogo wangu," Zuwena akasema. "Hakuna mutu aliweka hata jani."

Akaendelea kumenya maharage. Kisha akasema kwamba duniani hataki nyumba kubwa wala bangili za fedha. Anataka siku yake ikifika afunikwe vizuri, nguo nyeupe, vipande vyote vitano, kichwa hadi vidole. Basi, hilo tu. Na Feruzi alipokufa, wale wajane wawili wakabaki nyumba moja badala ya kila mmoja kushika njia yake kama watu walivyotarajia, Zuwena alimshika Mwamini mkono wakiwa bado katika eda. "Nikitangulia, wewe utanifunika. Usikubali wanifunge na kitambaa kimoja cha huruma."

Mwamini aliahidi. Kwake ahadi ilikuwa kitu cha kufungia pamoja na chumvi na unga, na tangu siku ile sanda ya Zuwena ikawa mzigo wake yeye kuliko wa mwenyewe.

Sasa ikaja masika ambayo mito iliacha njia zake. Wavuvi wa Magara walikuta mwili wa mwanamke kijana unaelea ziwani, wakauleta Rumonge kwa mtumbwi kwa sababu walijua Zuwena yuko. Watu wakajaa ufukweni. Swali lilikuwa moja: huyu ni wa nani? Kama ni Mwislamu azikwe leo. Kama ni mtu wa milimani, wapelekewe wenyewe habari.

Mwamini ndiye aliyekata shauri. Alisogea, akainama kutoka kule juu kwenye urefu wake, akatazama. Msichana alikuwa amefungwa kaniki kiunoni, na shingoni alikuwa na shanga za buluu zilizopangwa mbili mbili. "Shanga hizi nazijua," akasema kwa sauti ya mtu aliyefika Ujiji. "Wanaovaa hivi ni wasichana wa kwetu. Huyu ni binti wa waungwana, mutumbwi wao umezama." Nani angebishana na Mwamini kwa mambo ya Ujiji? Zuwena alikwenda nyumbani, akarudi na sanda yake, ile iliyokuwa imetimia mwezi huohuo. Akamwosha msichana polepole, akimsemesha kama mtu anavyomsemesha mtoto anayelala. Mwalimu Asmani wa msikiti mdogo wa udongo akamswalia, mji mzima nyuma yake, na msichana akalazwa ubavu, uso umeelekea Makka.

Hazikupita siku nyingi akashuka kutoka milima ya juu ya Kizuka mwanamke mmoja aitwaye Kanyana, na wanaume wawili wa ukoo wake wenye fimbo ndefu. Alikuwa amevaa nguo ya gome la mti kama wenzake wote wa kule. Alisimama uani mwa wajane akasalimia, "Amahoro," kisha akaeleza kwa Kirundi kilichochanganyika na maneno ya sokoni. Binti yake alishuka na kikapu cha maharage kutafuta chumvi. Mto ulimchukua kivukoni. Alikuwa amefunga kaniki aliyoipata gulio lililopita, na shanga za buluu alizobadilishana kwa maharage.

Mwamini alikuwa jikoni. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Aliyaona yote kwa pamoja: swala, kaburi, uso kuelekea Makka, na yeye pale ufukweni akijifanya shahidi wa shanga. Watu wa milimani wana desturi zao za kuwalaza wafu wao, karibu na boma lao, na wanaume wale walikuwa na fimbo. Alitamani Zuwena aseme hajui kitu.

Zuwena akasema kila kitu. Akamketisha Kanyana kwenye mkeka, akamweleza kwamba walimdhania mtoto wa kwao, wakamzika kwa namna ya kwao, na kama ni kosa ni kosa lao. Kanyana alisikiliza bila kupepesa. Alipojibu, aliuliza jambo moja.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Nguo nyeupe," Zuwena akasema. "Mupya. Hivi, na hivi, na hapa kichwani." Akamwonyesha mwilini mwake mwenyewe, kipande kwa kipande.

Wanaume wale walitazamana. Kule kwao nguo nyeupe mpya ilikuwa ya mtware, chifu wao, na hata mtware alikuwa nayo moja. Kanyana akauliza ni nani aliyeitoa, Zuwena akajibu ni yeye. Akauliza kama alimjua binti yule. Zuwena akatikisa kichwa.

Kanyana akaketi chini kwenye vumbi, nje ya mkeka, akalia kilio kirefu ambacho pengine alikuwa amekizuia tangu kivukoni. Zuwena akaketi naye vumbini. Kilio kilipotulia aliuliza jina la msichana, kwa sababu lilikuwa limemsumbua kumzika mtu bila jina. Aliitwa Nyandwi. Zuwena akalirudia mpaka akalisema sawasawa, kisha wakaenda wote wawili kaburini. Kabla ya kupanda milima Kanyana alimshika mikono yote miwili akamshukuru kwa Kirundi, "Murakoze."

Mji ulicheka mwaka mzima. Mwamini akipita, vijana walinong'onezana kwamba ndiye aliyemsilimisha maiti. Mwalimu Asmani mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alisema swala haipotei, akageuka upande ili asionekane anatabasamu. Na kila mavuno Kanyana alishuka na kikapu cha maharage kwa Zuwena, naye Mwamini, pamoja na aibu yake yote, ndiye aliyeyapokea na kuyafungia.

Lakini toka siku ile alikataa sanda ya Zuwena ikae chini ya kitanda cha Zuwena. Ilipotimia nyingine aliitia kwenye sanduku lake mwenyewe, juu ya ile yake ndefu, chini ya ufunguo wake. Zuwena hakupinga. Alisema afadhali, panya wa chumba chake walikuwa na njaa.

Halafu ikaja malale. Watu walianza kusinzia mchana, wakakonda, wakasema maneno yasiyo na kichwa. Wadachi waliamrisha vichaka vya ufukweni vifyekwe, wakajenga kambi ya wagonjwa, na mganga wao akawa anapapasa watu shingo. Mwenye uvimbe anapelekwa kambini. Mwenye ndugu mle ndani alilia nyumbani, kwenda alikuwa haendi. Zuwena alikuwa anaingia. Akifa mwanamke alimwosha na kumfunika kwa chochote kilichopatikana, akarudi jioni ananuka dawa ya kufukiza.

Siku ile alirudi mchana, akasimama mbele ya Mwamini akaomba ufunguo. Amekufa Aziza, msichana aliyekuwa akiuza dagaa sokoni, na nyumbani kwao wameogopa hata kusogelea uzio.

"Sitoi," Mwamini akasema.

"Mudogo wangu, mutoto amelala kwenye udongo."

"Ana baba. Ana wajomba. Wewe ndiye uliyezaa Rumonge nzima?"

Zuwena akanyoosha kiganja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililompandisha Mwamini. Alivua ufunguo, akafungua sanduku, akachukua ile sanda fupi na kumtupia kifuani, akasimama mlangoni akamwambia neno ambalo majirani walilisikia. "Chukua. Ukiitoa hii, siku yako utazikwa na majani ya mgomba. Mimi sitatoa hata uzi."

Zuwena aliinua uso kumtazama, maana ilimbidi ainue. "Hayo ni maneno ya hasira," akasema. "Utanifunika kwa mukono wako." Akaondoka na sanda yake kwapani.

Neno likitoka mdomoni halina mkia wa kulivuta. Mwamini alitaka kulirudisha jioni ile wakati wa kula, akashindwa, akampa Zuwena mnofu wa samaki wa mukeke ulionona zaidi. Kesho yake akashindwa tena. Wakaishi hivyo, wanapendana na kucheka, na neno lile limelala kati yao mahali palepale.

Vita vya Wazungu vilipoanza, kitu cha kwanza kutoweka Rumonge kilikuwa nguo. Meli hazikuja, misafara haikuja, maduka ya Ujiji yakabaki na mbao tupu. Watu wakavaa viraka juu ya viraka. Kuna nyumba ambamo mama na binti walikuwa na kanga moja, mmoja akienda kisimani mwingine anangoja ndani. Na wanawake wa kiungwana, wale waliotembea barabarani bila haraka, wakaanza kuvuta masanduku madogo. Walizitia sanda zao rangi kwa maganda ya miti ili macho yasizitambue, wakazivaa kwenda sokoni. Kila mtu alijua. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mwamini alitangaza kwamba yake imeliwa na mchwa. Alilisema hilo kisimani, akalisema kilioni, akalisema mpaka likawa na habari zake: mchwa waliingilia wapi, walianza na kipande gani. Hakuianika tena wala kuifukiza, harufu isije ikamsaliti. Alisema uongo kwa woga. Alikwisha kuona watu wakifukiwa na nyasi, na kila alipofumba macho aliona miguu yake mirefu imetokeza nje. Zuwena, aliyelala ukuta wa pili na kujua kila kinachoingia na kutoka katika nyumba ile, hakuuliza habari za mchwa. Yeye kila kitambaa alichobahatika kupata alikipasua kuwafungia watoto wachanga.

Zuwena akaugua. Ilikuwa homa ya kawaida ya ziwa, iliyokuwa ikimshika na kumwachia tangu ujana, lakini safari hii haikumwachia. Mwamini alimlisha uji, akamfuta jasho, akamgeuza. Alikuwa anangoja jambo moja tu: Zuwena aombe. Akiomba atapata njia ya kumkubalia, au hata ya kumkatalia. Zuwena aliuliza kama maharage ya Kanyana yamekauka vizuri. Aliuliza kama mtoto wa Fatuma, jirani wa nyumba ya pili, ameota jino. Habari za sanda hakuzigusa. Asubuhi moja Mwamini alikwenda kuchota maji, aliporudi mwenziwe alikuwa amekwisha kwenda.

Wanawake wakaja. Aliyesimamia kuosha alikuwa Riziki, mwanamke wa makamo ambaye Zuwena ndiye aliyemfundisha kazi. "Mwosha huoshwa," kizee mmoja akasema, na wote wakaitikia kwa kichwa. Lakini alipooshwa wakatazamana. Mwalimu Asmani alisimama nje ya mlango akawaambia wasihangaike. Sheria haikalifishi mtu: kitambaa kimoja kinatosha, kikuukuu kinatosha, kisipopatikana hata mkeka. Alikuwa amevua kanzu yake ya Ijumaa, iliyochakaa mpaka unaona vidole ukiipakata, akaipitisha mlangoni. Mwingine akaleta nusu ya kanga. Mwingine ushungi wenye kiraka chekundu. Riziki alivitandaza pamoja ukumbini, na wanawake waliokuwa wamejizuia wakaanza kulia, kwa sababu walikumbuka weupe wa vitambaa alivyokuwa akitoka navyo yule mfupi mlangoni mle mle.

Mwamini aliketi pembeni, ufunguo shingoni. Watu wawili tu ndio waliojua kilichokuwa chini ya kitanda chake, na mmoja wao alikuwa amelala pale kwenye mkeka. Kwa hiyo alikuwa salama. Mwalimu amesema kimoja kinatosha. Neno alilotamka mlangoni nalo lingebaki kweli, hata uzi hakutoa.

Ndipo akaingia Kanyana. Jinsi habari zilivyompata milimani hakuna aliyejua. Alikuwa amezeeka sana, anategemea fimbo, na mwilini alikuwa amevaa ngozi ya mbuzi iliyopukutika manyoya. Begani alibeba gome la mti lililopondwa likawa laini, jekundu, pana, kazi ya mtu aliyekaa nayo muda mrefu. Kila mtu aliona kwamba ilikuwa nguo yake nzuri, na kwamba ameivua au hajaivaa kabisa. Aliikunjua juu ya vile viraka.

"Nyeupe sina," akasema. "Nimeleta niliyo nayo. Yeye hakumwacha wangu."

Mwamini akasimama. Alikwenda chumbani, akapiga magoti, akavuta sanduku. Ufunguo ukakataa tundu, akaujaribu tena. Aliiona miguu yake imetokeza nje ya nyasi, akaiona njia na jua linawaka. Na hapo, akiwa amepiga magoti, ndipo alipomwelewa mwenziwe. Miaka yote alidhani Zuwena anatoa kwa sababu haogopi, kwamba Mungu alimwumba na moyo usiojua hofu na yeye akamnyima. Sivyo. Zuwena aliogopa kuliko wote. Kila alipoinama chini ya kitanda alimwona mama yake njiani, akafungua.

Alitoka na sanda yake mikononi. Wanawake wakainua vichwa. Ilikuwa nyeupe kuliko kitu chochote walichokiona tangu vita vianze, na harufu ya udi wa zamani ikatoka ndani ya mikunjo.

"Mchwa wa nyumba hii wana huruma," yule kizee akasema taratibu.

"Nilisema uongo," Mwamini akajibu. "Riziki, mufunike yaya."

Lakini ilikuwa sanda ya mtu mrefu. Walipoipima juu ya Zuwena, shuka za nje zilizidi miguuni kwa urefu wa mkono. Riziki akashika mkasi, akamtazama mwenyewe. Mwamini akaitika. Kilichokatwa akakikunja, akakirudisha sandukuni. Kisha akapiga magoti tena, akamfunga Zuwena kipande kwa kipande kwa mkono wake, kama alivyoambiwa kwamba atafanya, akalia waziwazi bila kujali nani anatazama. Kanzu ya mwalimu ikarudishwa kwa mwalimu. Gome la Kanyana likatandazwa juu ya jeneza, na Zuwena akapitishwa mji mzima wa Rumonge na nguo ya milimani juu na nyeupe ya Ujiji ndani, wanawake wamesimama njiani mpaka wanaume wakapotelea kwenye michikichi.

Watu hawakosi la kusema. Walimsifu Mwamini, na katika sifa hizo wakatia chumvi. Kutoa ametoa, walisema, lakini kile kipande cha mwisho mbona amekirudisha sandukuni? Mkono ulioshika miaka yote utaachia mara moja? Mwamini aliyasikia kisimani, akajaza mtungi wake, akaenda zake. Ufunguo haukuwa tena shingoni mwake. Hilo hawakuligundua.

Mwaka huo huo Wadachi walifunga mizigo wakaondoka pwani ile, wakubwa wengine wakawa wako njiani, na katika zile siku za katikati, ambapo hapakuwa na mwenye amri, homa ilipita kwa watoto. Ikamchukua yule mtoto wa Fatuma, aliyeota jino siku za Zuwena. Mume wa Fatuma alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya vita, na yeye mwenyewe alikuwa na kipande kimoja cha nguo alichokivaa. Alikaa chini na mtoto mapajani, hajapiga hata ukelele wa kuwaita watu.

Mlango ukatiwa giza. Mtu mrefu aliinama, akaingia, kata ya maji mkononi, majani ya mkunazi kwenye upindo, na kwapani kitambaa cheupe kilichokunjwa.

"Mama Mwamini," Fatuma akasema, "sijatuma mutu. Nani amekutuma?"

"Yaya," Mwamini akasema.

Akaketi naye sakafuni, akampokea mtoto, akamwosha akimsemesha polepole. Halafu akakunjua kile kitambaa. Kilimtosha, kichwa hadi vidole.